Tuwapeleke Vijana Udzungwa, Lakini kwa Utaratibu

Kila ifikapo miezi ya Juni na Julai, masika yakiwa yamekwisha na skuli zimefungwa, makundi ya vijana wa Unguja na Pemba huonekana katika bandari ya Malindi wakiwa na mabegi mgongoni, wakingojea boti ya kwenda Dar es Salaam. Zamani wengi wao walikuwa wakienda kuwaamkia jamaa zao Kariakoo au Tanga, basi. Siku hizi wamo wanaokwenda mbali zaidi, hadi kwenye milima ya Udzungwa iliyoinuka juu ya Kidatu na bonde la Kilombero, wakatembee kwa miguu msituni, wale chakula chao kando ya maporomoko ya maji, kisha warudi. Kwa Kiswahili chetu safari ya namna hiyo huitwa mandari. Sisi tunaiunga mkono kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo tunayo maneno ya kusema juu ya namna inavyoendeshwa, na tunawaomba viongozi wa Serikali na wa Chama wayasikilize kabla halijatokea la kutokea.

Njia yenyewe imekuwa nyepesi kuliko wakati wowote uliopita. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa takriban saa mbili, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa visiwa hivi, alizindua barabara ya lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9, pamoja na daraja jipya la Mto Ruaha Mkuu. Aliyewahi kuipita njia ile katika enzi za vumbi na matope anaijua thamani ya habari hiyo. Gari lilikuwa likilala njiani, na abiria wakilala nalo. Leo mtu akitoka Unguja kwa boti ya asubuhi anaweza kulala Mang'ula, penye lango la hifadhi, usiku wa siku hiyo hiyo. Urahisi huu ni neema, na ni mtego pia, kwa kuwa mlima haukupungua urefu kwa sababu barabara imetiwa lami.

Kuna watakaouliza, Kidatu na sisi wapi na wapi? Jawabu limo ukutani mwa kila nyumba yenye swichi ya taa. Pale Kidatu maji ya Ruaha Mkuu huingizwa katika handaki refu na kuteremshwa hadi kwenye mitambo iliyomo chini ya ardhi, yenye uwezo wa megawati 204. Awamu ya kwanza ilimalizika mwaka 1975 na ya pili mwaka 1980, na mwaka huo wa 1980 ndipo waya wa kwanza wa umeme ulipolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, Kidatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko mitambo yote ya nguvu za maji nchini. Waliokuwako Unguja mwezi Mei na Juni 2008, umeme ulipokatika na mji ukakaa gizani karibu mwezi mzima, hawahitaji kuelezwa jinsi kisiwa hiki kinavyoitegemea bara kwa nuru yake. Na huo Mto Rufiji wenyewe, zaidi ya nusu ya maji yake huletwa na Mto Kilombero, ambao hunyweshwa na vijito vinavyoteremka kutoka misitu hiyo hiyo ya Udzungwa. Kwa hiyo kijana wa Makunduchi anayesimama chini ya maporomoko ya Sanje hatazami mali ya watu wengine. Anatazama mahali inapotoka sehemu ya taa aliyosomea.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilizinduliwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilometa za mraba 1,990. Haitembelewi kwa gari kama Mikumi. Anayetaka kuiona hana budi kuitembea. Inaanzia kwenye mita 250 hivi pale bondeni na kupanda hadi mita 2,576 kwenye kilele cha Luhombero. Tuipime hesabu hiyo kwa kipimo chetu wenyewe. Sehemu iliyo juu kabisa ya Unguja haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nungwi au Micheweni anaweza kuwa mwogeleaji hodari na mwenye pumzi ndefu, na bado asiwe amepanda mlima hata siku moja maishani mwake, wala misuli ya mapaja yake haijui maana ya kuteremka kwa saa mbili mfululizo. Wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Waulizeni wenyeji wa Sanje, watawaambieni kwamba watu huumia wakati wa kushuka, wakiwa wamechoka na wameshashiba.

Msitu ule una ajabu zake. Mwaka 1979 wataalamu walimtambua huko kima ambaye alikuwa hajulikani kabisa katika vitabu vya sayansi, na ambaye leo huitwa kima wa Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote na wakimwita ng'olaga. (Ndivyo mambo yalivyo: kitu huwa hakijagunduliwa mpaka aje mtu mwenye daftari.) Yuko pia mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye ni jamaa wa karibu wa punju wetu wa Jozani. Kijana aliyemwona punju pale Jozani, akaenda akamwona nduguye Udzungwa, amejifunza juu ya nchi yake jambo ambalo hotuba kumi hazitamfundisha.

Tena kutembea kwa miguu si jambo geni katika siasa ya nchi hii. Uhuru wa Tanganyika ulipotimia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro akisimika bendera na Mwenge. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana kutoka pande mbalimbali walifunga safari za miguu kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba mwaka huo. Hapa Zanzibar vijana wa Chama hufanya matembezi kila Januari kuadhimisha Mapinduzi, na vikundi vya mazoezi hujaa barabarani siku ya mwaka mpya. Lakini katika mwaka ule wa 1967 yumo pia kijana mmoja, Seth Benjamin, aliyetoka Arusha kuelekea Dar es Salaam kwa miguu na akafia njiani. Taifa lilimwomboleza na kumwita shujaa, na alistahili. Pamoja na hayo, kiongozi anayewaongoza vijana safarini anapaswa kulikumbuka jina hilo kwa namna nyingine pia, akijiuliza ana nini katika mkoba wake iwapo mmoja wao ataanguka.

Tumewahi kulikuta kundi moja kule milimani, ambalo jina lake tunalihifadhi. Walikuwa vijana wapatao arobaini na viongozi watatu. Walivaa fulana mpya za rangi moja zenye maandishi kifuani na mgongoni. Walikuwa na ngoma, walikuwa na kipaza sauti, na mmoja alikuwa na kamera kubwa ya kupigia picha za kupeleka ofisini. Miguuni wengi wao walivaa ndara, na wasichana kadhaa walivaa viatu vya sherehe. Askari wa hifadhi aliyepewa kuwaongoza aliwaambia wasitawanyike, lakini mtu mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Wenye mbio wakamtangulia, wenye kuchoka wakabaki. Mchana, penye majabali yaliyoota ukungu wa kijani kando ya maji, msichana mmoja aliteleza na kifundo cha mguu kikavimba palepale. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba fulana zilikuwa arobaini na bendeji haikuwako hata moja. Wakakata fito mbili, wakafunga kanga za wenzake, wakambeba. Giza likawakuta njiani, wakateremka kwa mwanga wa simu zilizokuwa zinakaribia kuzima. Walipofika chini wakahesabiana. Mara ya kwanza wakawa thelathini na tisa, mara ya pili arobaini na moja, na hakuna kiongozi aliyekuwa na orodha ya majina ya kusomea.

Hakufa mtu siku hiyo, na kila mmoja alimshukuru Mola, kama inavyopasa. Nasi tuliokaa chuoni tunajua kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu. Tunajua vilevile habari ya yule bedui aliyeambiwa amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee. Kundi lile lilimwacha ngamia huru.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba sisi watu wa visiwani ndio tungestahili kuwa wa mwisho kuambiwa habari hii. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi mno kupita kiasi chake. Haukupita mwaka, MV Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Hakuna mtaa wa Pemba usiokuwa na nyumba iliyopoteza mtu. Katika misiba ile tulijifunza mambo mawili kwa machozi: kwamba vifaa vya kuokolea havina faida vikikosekana siku inapotakiwa, na kwamba orodha ya abiria isiyokuwa ya kweli huwanyima hata maiti haki yao, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani wa kutafutwa. Ndugu zetu wa Kilombero nao wanayo kumbukumbu yao. Mwezi Januari 2016 dhoruba ilikizamisha kivuko cha MV Kilombero II katika mto wao, kabla ya daraja la mita 384 kuzinduliwa mwaka 2018. Iweje basi tulilolijua baharini tulisahau tukifika nchi kavu?

Sasa tuseme juu ya vifaa, na tuseme waziwazi, kwa sababu viongozi wengi wakisikia neno hilo hudhani ni mambo ya watalii yanayonunuliwa kwa dola. Sivyo. La kwanza ni kiatu. Kiatu kinachofaa ni kile kilichofungwa kwa kamba, chenye soli ya meno, kilichokwisha kuvaliwa wiki kadhaa kikazoea mguu. Kiatu kipya mlimani ni adui, kitachubua kisigino kabla ya saa moja kwisha. Mitumba ya Darajani inavyo vingi, na bei yake haizidi ya suruali ya kujionyeshea. Soksi ziwe jozi mbili, na suruali iwe ndefu ya kuchomekwa ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu, kupe na upupu. Anayevaa baibui au kanzu asione haya kuliweka kando vazi hilo kwa saa chache na kuvaa suruali pana na shati refu. Stara inabaki, na mguu hautanaswa na mizizi.

La pili ni maji. Kila mtu abebe lita mbili kwa uchache, yake mwenyewe, mgongoni mwake. Tumeona makundi yanayobebesha maji yote kijana mmoja mwenye nguvu, kisha kijana huyo huwa mbele nusu saa wakati wenye kiu wako nyuma. Katika kila kundi ziwemo pakiti chache za chumvichumvi za kuchanganya na maji, kwa atakayetokwa na jasho mpaka miguu ikaanza kukaza. Baada ya maji tunaiweka filimbi, na tunaiweka juu kuliko wengi watakavyotarajia. Sauti ya binadamu hupotea haraka msituni, tena karibu na maporomoko haisikiki kabisa, lakini filimbi hupenya. Inakaa shingoni, haihitaji betri, na mapigo matatu yakirudiwarudiwa hufahamika na kila mtu kuwa ni wito wa msaada. Kwa bei ya soda mbili hivi mtoto amepata ulinzi.

Kurunzi iwepo hata kama safari ni ya asubuhi, kwa maana lango la Mang'ula liko upande wa mashariki wa mlima, na jua huzama nyuma ya kilele mapema kuliko linavyozama bondeni. Chini ya miti mikubwa giza huanza kabla hata muadhini hajaadhini magharibi. Simu ifungwe katika mfuko usioingia maji na izimwe data ili betri idumu, wala isitegemewe peke yake, kwani mabondeni mtandao hukosekana. Koti la mvua ni la lazima hata kiangazi, kwa sababu msitu ule hujitengenezea mvua wenyewe. Bakora ni msaada mkubwa wakati wa kuteremka. Kiongozi wa mbele na kiongozi wa nyuma kila mmoja awe na sanduku dogo la huduma ya kwanza lenye bendeji pana, plasta, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, mkasi na dawa ya maumivu, na awe amekwisha kufundishwa kuvitumia. Masanduku ya namna hiyo tumeyaona katika ofisi nyingi. Yamepakwa msalaba mwekundu mzuri sana, na ndani mna risiti za zamani.

Juu ya nyoka tuseme maneno machache, maana ndiyo hofu ya kwanza ya watu wetu. Nyoka wapo, na mara nyingi humkimbia mtu anayetembea kwa kishindo. Akitokea aliyeumwa, asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza damu. Mguu utulizwe kama uliovunjika, mgonjwa abebwe bila kutembezwa, apelekwe hospitali haraka. Kwa tembo na nyati, shauri ni moja tu, kumsikiliza askari wa hifadhi anapoinua mkono, bila ubishi wala kutoa simu kwa ajili ya picha.

Liko jambo moja ambalo halisemwi kabisa katika mikutano ya matayarisho, nalo ni malaria. Kwa kazi ya miaka mingi ya vyandarua, upuliziaji wa dawa na upimaji, Zanzibar imeishusha malaria hadi chini ya asilimia moja. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini una upande wa pili: mwili wa kijana wa leo wa Unguja hauijui malaria kama ulivyoijua mwili wa babu yake. Bonde la Kilombero, pamoja na mashamba yake ya mpunga na maji yaliyotuama, ni makazi ya mbu tangu zamani. Ndiyo maana wataalamu wa Uswisi walifungua maabara yao Ifakara katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye sifa duniani kote kwa utafiti wa ugonjwa huo. Kundi linalolala Mang'ula usiku mmoja bila chandarua linafanya mchezo wa hatari kuliko kundi linalokutana na tembo mchana. Tena dalili hazitokei palepale. Homa huja baada ya wiki moja, mbili au zaidi, kijana akiwa ameshasahau safari, na mama yake akadhani ni mafua. Kila aliyekwenda apimwe akirudi mara tu anapohisi homa, na amwambie daktari alikotoka. Kwa kufanya hivyo atajiokoa nafsi yake na ataiokoa shehia yake isiletewe upya maradhi iliyokwisha kuyafukuza.

Na chakula je? Mandari bila chakula ni adhabu. Hapa tunawaomba akina mama wa visiwani watusamehe, lakini wali wa nazi uliopikwa usiku wa kuamkia safari usipandishwe mlimani. Nazi huchacha kwenye joto, na hakuna mahali pabaya pa kuendesha tumbo kuliko njia nyembamba yenye watu arobaini. Boflo, chapati kavu, mayai ya kuchemsha, mihogo, ndizi, machungwa, tende na kashata vinatosha, navyo havimwagiki. Au lililo jema zaidi: chakula kikubwa kiagizwe kwa mama lishe wa Mang'ula au Sanje, kiliwe jioni baada ya kushuka. Mchele wa Kilombero unasifiwa nchi nzima. Kuubebea mtu wa Kilombero wali kutoka Unguja ni kama kumpelekea mtu wa Pemba karafuu. Chakula kibebwe katika vikapu vya ukili au vyombo vya kurudi navyo, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku bara tangu Juni 1, 2019 kama ilivyokwisha kupigwa marufuku kwetu, na takataka zote zirudi chini na wenyewe. Kima wasipewe hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea mkono wa mtu huja kuwa mwizi, halafu hulipa kwa maisha yake.

Kwa wanaoanza, mlima una ngazi zake. Yako maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyehudhuria uzinduzi wa mwaka 1992, nayo yako karibu na lango, mwendo usiofika saa moja. Hayo ndiyo yawe darasa la kwanza. Kisha yapo ya Sonjo, yanayotaka muda zaidi. Sanje, yanayoanguka kwa hatua tatu zenye jumla ya mita 170, huchukua yapata saa nne kwenda na kurudi, na njia yake ina mwinuko wa kweli. Kilele cha Mwanihana, kinachozidi mita 2,000, si cha mandari kabisa. Ni cha kulala msituni, na anayewapeleka huko wanafunzi waliofika jana kutoka bandarini amekosa huruma. Safari ianze saa moja asubuhi. Ifikapo saa sita mchana, popote walipofika, wageuke. Waogeleaji wetu nao waonywe: maji ya mtoni hayamwinui mtu kama ya bahari, ni ya baridi, na chini ya maporomoko yana nguvu ya kuvuta isiyoonekana juu.

Tusiwasahau wenyeji. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vinavyopakana na hifadhi waliruhusiwa kuingia siku moja katika wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma, kwa nia ya kuuhifadhi msitu. Tunaielewa sababu. Lakini mama wa Msolwa au Mkula, ambaye sasa hununua kuni au hupanda miti yake mwenyewe, akiona mabasi ya vijana yakiingia mahali ambapo yeye haruhusiwi kuchukua hata kijiti, ana haki ya kuuliza yeye anafaidika nini. Mandari ikimnunulia chakula, ikimlipa kijana wake kwa kuongoza njia na kubeba mizigo, swali lake litakuwa limejibiwa kwa kiasi. Ikipita na vipaza sauti bila salamu, litakuwa limejibiwa vilevile, kwa ubaya. Na watoto wa vijiji hivyo nao wapandishwe mlima. Wako wengi wanaouona kila asubuhi kutoka mlangoni mwao na hawajaukanyaga.

Tunajua wapo maofisa ambao, wakisoma haya, wataona njia fupi ni kupiga marufuku safari zenyewe. Hilo litakuwa kosa. Meli zilipozama hatukuacha kusafiri kwenda Pemba. Marufuku huwaondoa wale wanaoomba kibali, yaani wenye adabu, na kuwaacha wanaokwenda kimya kimya kwa gari la kukodi bila askari wa hifadhi wala taarifa kwa mtu yeyote. Kinachotakiwa ni kibali chenye maana. Leo barua ya ruhusa hugongwa muhuri kwa kutazama nauli, jina la mgeni rasmi na idadi ya fulana. Haiulizwi nani amesomea huduma ya kwanza, nani atakuwa wa nyuma, wala watarudi saa ngapi.

Kwa hiyo tunapeleka ombi letu kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa wizara inayoshughulikia vijana na michezo, na kwa Umoja wa Vijana, kwamba utolewe waraka wa ukurasa mmoja kabla ya mwisho wa mwezi wa Mei. Useme kwamba hakuna kundi linalovuka kwenda mlimani bila kiongozi mmoja kwa kila vijana wanane. Bila majina yaliyoandikwa nakala tatu, moja ibaki skuli, moja langoni, moja mfukoni mwa kiongozi, na yasomwe wakati wa kupanda, wakati wa kula na wakati wa kushuka. Bila matembezi ya majaribio hapa nyumbani, tuseme kutoka Kitope hadi Mangapwani na mizigo mgongoni, ili aliyekuwa na kiatu kibovu ajulikane akiwa bado karibu na mama yake. Kila wilaya iwe na akiba ya filimbi, kurunzi, vyandarua na masanduku mawili ya huduma ya kwanza ya kuazimwa na kurudishwa. Fedha zitapatikana katika fungu lile lile la fulana. Na ofisa anayetia saini kibali ayakague masanduku hayo yakiwa yamefunguliwa.